Swali Lisilojibiwa Kliniki

Karibu kila mwanamke wa Tanzania aliye katika umri wa kuzaa anajua angalau njia moja ya kisasa ya uzazi wa mpango. Tafiti za afya na demografia, zile ambazo wadadisi hupita nyumba hadi nyumba na madodoso yao, zimekuwa zikitueleza hivyo kwa miaka mingi. Anajua vidonge vya majira, sindano, kitanzi, vijiti na kondomu. Bango lenye nyota ya kijani analiona zahanati tangu alipokuwa anabebwa mgongoni.

Kujua ni jambo moja, kutumia ni jingine. Katika utafiti wa 1991–92, wanawake walioolewa waliotumia njia za kisasa walikuwa kama 7 kati ya kila 100. Mwaka 2010 walifika 27, na 2015–16 wakafika 32. Mwaka 2022 walikuwa 31. Mstari uliopanda kwa miaka ishirini na zaidi umesimama. Na katika utafiti huohuo wa 2022, takriban mmoja kati ya kila wanawake watano walioolewa alikuwa hataki mimba kwa wakati ule, au hataki tena kabisa, na hatumii njia yoyote ya kuizuia.

Huyo wa tano ndiye aliyenifanya niandike. Kwenye semina na ripoti anaelezwa kwa maneno mawili: hana elimu, au amefungwa na mila. Siyakubali maelezo hayo. Ukikaa naye ukamsikiliza, utakuta ana hesabu yake, tena hesabu ndefu kuliko ile iliyoandikwa kwenye kipeperushi. Hofu yake imejengwa juu ya mambo anayoyathamini, na sisi tumekuwa tukimjibu maswali ambayo hakuuliza.

Chukua suala la damu. Msichana wa Pwani aliyechezwa unyago amefundishwa na somo wake namna ya kuhesabu siku zake, kujisitiri, na kutambua damu iliyo sawa na isiyo sawa. Hata kusiko na unyago, mama au shangazi amefanya kazi hiyo kwa maneno machache. Kwa malezi hayo, damu ya kila mwezi ni taarifa: mwili unafanya kazi, taka inatoka, kizazi ni kizima. Sasa mwanamke huyo anachoma sindano ya miezi mitatu. Mwezi wa kwanza damu inatoka matone matone kwa wiki mbili. Baadaye inakatika kabisa. Mtu aliyelelewa kusoma afya yake kwa damu lazima ajiulize inakwenda wapi. Akikosa jibu kliniki, atalipata kisimani: imeganda tumboni, itageuka uvimbe.

Jibu la kitabibu si refu. Sindano huzuia yai lisipevuke, na hufanya utando wa ndani wa mji wa mimba usijengeke kuwa mnene kama kila mwezi. Damu haikujikusanya popote kwa sababu utando wa kubomoka haukuwapo. Mtu yeyote anaweza kuelewa hilo. Lakini muuguzi ana foleni hadi nje ya baraza, chanjo zinamsubiri na rejesta haijajazwa. Anasema, "Ni kawaida, utazoea." Mama anaondoka na neno hilo, na miezi mitatu ikiisha harudi.

Nchini China jambo hili lilipimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulifuatilia wanawake waliochagua sindano hiyohiyo. Kundi moja lilielezwa kwa kina, na kurudiwa kuelezwa, kwamba damu itabadilika, itabadilika vipi na kwa nini. Kundi la pili lilipewa maelezo ya kawaida. Baada ya mwaka mmoja, walioacha katika kundi la pili walikuwa asilimia 42. Katika kundi lililozungumzwa nalo walikuwa asilimia 11. Dawa ilikuwa ileile na dozi ileile.

Kuna jambo jingine ambalo vipeperushi havilitaji kabisa, nalo linapita chini chini siku ya kupima watoto. Mama anamvalisha mwanawe ile suruali ya kitambaa na kumning'iniza kwenye mzani uliofungwa kwenye boriti ya baraza. Mshale unatikisika, kisha unatulia. Muuguzi anaweka nukta kwenye kadi. Nukta ikikaa kwenye kijani, mama anapumua. Ikishuka kwenye kijivu, na mwezi unaofuata ikaisogelea nyekundu, benchi zima limeshaona. Hakuna atakayesema kwa sauti, lakini nyuma ya kanga wananong'ona: amembemenda mtoto.

Imani ya kubemenda imeenea Pwani, Morogoro, Dar es Salaam na kwingineko. Inasema wazazi wakirudiana kitandani mapema, au mmoja wao akitoka nje ya ndoa wakati mtoto bado ananyonya, mtoto hudhoofika. Miguu inalegea, anaharisha, anachelewa kusimama. Lawama ni ya wazazi wote wawili, ingawa anayeibeba mbele za watu ni mama.

Daktari kijana akisikia haya hucheka au hukemea. Angetulia kwanza. Ndani ya imani hiyo mna uzazi wa mpango wa wazee wetu, tena uliokuwa na nguvu ya sheria. Mama alinyonyesha hadi miaka miwili, muda uleule ambao Kurani inautaja kwa anayetaka kukamilisha unyonyeshaji. Wengine walirudi kwao baada ya kujifungua, wengine walilala na bibi. Katika miaka ya 1930, Cicely Williams, daktari aliyefanya kazi Gold Coast, Ghana ya leo, alieleza ugonjwa wa kwashakoo: uliwashika watoto walioachishwa ziwa mdogo wao alipokuja, wakabaki na uji wa mahindi mtupu. Shirika la Afya Duniani leo linashauri ipite angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya mimba nyingine. Bibi na daktari wanataka kitu kimoja. Tofauti yao ni kwamba bibi alimlinda mtoto kwa kumtenga baba.

Na hapo ndipo maisha yalipobadilika na kuiacha mila ikining'inia. Mama wa Mbagala anaishi chumba kimoja cha kupanga na mumewe. Kwao ni mbali, nauli hakuna, na bibi mwenyewe anauza vitumbua barabarani. Kulala mbalimbali hakuwezekani, na mume akikatazwa mwaka mzima kila mtu anajua anakoweza kwenda, katika nchi ambayo Virusi vya Ukimwi bado vipo. Basi wanandoa wanarudiana kwa siri na kunyamaza. Sasa fikiria mama huyo, mtoto ana miezi minne, anaitwa chumba cha uzazi wa mpango mbele ya majirani. Akisimama, amelitangazia benchi zima kwamba wameshaanza. Mwezi ujao mtoto akipungua uzito, kila mtu atajua sababu. Ndiyo maana anamwambia muuguzi, "Nikimwachisha nitakuja." Anachokilinda ni heshima yake na jina la mama mwema. Wakati huohuo yai linaweza kupevuka kabla hedhi ya kwanza haijarudi, na mimba ikaingia akiwa bado anasubiri dalili.

Sisemi imani hii iachwe kama ilivyo. Inafunika magonjwa. Mtoto mwenye kifua kikuu au utapiamlo anatafutiwa mizizi ya kuogeshwa huku mama akiona haya kumpeleka hospitali. Lakini muuguzi anayeanza kwa kusema huo ni ujinga amefunga mlango mwenyewe. Yule anayeanza pale bibi alipoanzia, kwamba mtoto huyu ale maziwa yake miaka miwili bila kunyang'anywa, ana mahali pa kusimama. Anaweza kumweleza mama kwamba zipo njia zisizopunguza maziwa. Anaweza kumweleza kwamba kunyonyesha kwenyewe, usiku na mchana bila kumpa mtoto kitu kingine, huzuia mimba kwa uhakika mkubwa katika miezi sita ya mwanzo iwapo hedhi haijarudi, na kwamba baada ya hapo anahitaji njia nyingine. Na anaweza kumpa huduma hiyo katika chumba kilekile cha chanjo, ili benchi lisijue nani ameingia kwa lipi.

Wanaume tumewazungukia kwa miaka mingi. Mwaka 2014 jarida la wachumi wa Marekani lilichapisha utafiti uliofanywa Zambia na Nava Ashraf, Erica Field na Jean Lee. Wanawake wengine walipewa nafasi ya kupata njia za uzazi wa mpango wakiwa peke yao, wengine mbele ya waume zao. Walioambatana na waume walikuwa pungufu kwa asilimia 19 kufuata huduma, pungufu kwa asilimia 25 kutumia njia zinazofichika, na zaidi kwa asilimia 27 kuzaa. Ukiishia hapo utasema siri ndiyo dawa, na kweli wanawake wengi wa kwetu wanaipenda sindano kwa sababu haionekani, na kadi wanaiacha kwa muuguzi. Lakini watafiti wale waliona jambo la pili: wanawake waliopewa siri waliripoti kuwa na furaha ndogo zaidi maishani mwao. Nawaamini. Kila miezi mitatu kutafuta sababu ya safari, kila mwezi kueleza damu ambayo haikuja, na kuishi ukihofu kugunduliwa na mtu unayelala naye. Siri ni haki ya mwanamke asiye na njia nyingine. Sera haiwezi kujengwa juu yake milele.

Na mume naye ana hofu zake, ambazo hakuna anayemuuliza. Anaogopa mke akiwa na kinga atatembea nje. Akisikia habari ya kufunga uzazi wa mwanaume, anasikia kuhasiwa, ingawa upasuaji huo mdogo hauondoi nguvu wala hamu. Wanaoukubali Tanzania ni wachache mno.

Wengine hulitupia jambo zima kwa dini. Tazama ramani kwanza. Zanzibar, kwa takwimu za 2015–16, wanawake walioolewa waliotumia njia za kisasa walikuwa asilimia 14. Lakini Lindi na Mtwara, ambako Waislamu pia ni wengi, ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa matumizi nchi nzima. Katika utafiti huo wastani wa watoto kwa mwanamke kanda ya kusini haukufika 4, huku kanda ya magharibi, Tabora na Kigoma, ukizidi 6. Mikoa yote hiyo ina misikiti. Al-Ghazali, mwanachuoni aliyefariki mwaka 1111, aliruhusu azl, yaani mume kumwaga nje, na wanazuoni wamelijadili jambo hilo kwa karne nyingi. Upande wa Wakatoliki, waraka wa Papa Paulo wa Sita wa mwaka 1968 ulikataza njia zote za kutengenezwa, lakini Kilimanjaro yenye parokia kila mlima ni miongoni mwa mikoa yenye uzazi mdogo.

Mimi natazama ukoo. Wamakonde, Wayao na Wamwera wa kusini kwa asili walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Ndoa ikivunjika, mwanamke alirudi kwao na wanawe, na hakuna aliyemfukuza kwa kuzaa wachache. Usukumani, ng'ombe wa mahari walipelekwa ukweni kwa ajili ya mke na watoto atakaowaleta katika ukoo wa baba. Mke asiyezaa, au aliyezaa wawili akanyamaza, alikuwa na deni machoni pa watu waliotoa ng'ombe wao. Umbali wa zahanati, miaka ya shule na bei ya mazao vina sehemu yake, wala sidai kwamba ukoo unaeleza yote. Lakini naamini unaeleza kwa nini swali moja lina uzito tofauti Newala ya kusini na Meatu ya Usukumani.

Swali lenyewe ni hili: nitazaa tena?

Mwanamke ambaye nafasi yake nyumbani inategemea tumbo lake hawezi kuchezea tumbo hilo. Ataihofia njia ya uzazi wa mpango kuliko anavyoihofia mimba, hata kama mimba ndiyo yenye hatari kubwa zaidi kwa uhai wake. Jirani akifa kwa kutoka damu wakati wa kujifungua, watu watasema ni kazi ya Mungu. Jirani akitokwa na damu akiwa na kijiti, watasema alijitakia. Wanasaikolojia wameona tabia hii kwa binadamu wa kila mahali: madhara yanayotokana na jambo tulilolitenda hutuuma kuliko madhara makubwa zaidi yanayotokana na kutotenda. Hata wazazi wanaosita kuhusu chanjo hufikiri hivyo.

Na jibu la swali lake linatofautiana kwa kila njia. Vijiti na kitanzi vikitolewa, uwezo wa kushika mimba hurudi haraka. Sindano ya miezi mitatu ni tofauti: kwa wastani huchukua kama miezi tisa au kumi tangu sindano ya mwisho, na kwa wengine zaidi. Asiyeambiwa hilo ataacha sindano, atasubiri mwezi wa kwanza, wa tatu, wa tano. Mama mkwe anatazama. Wifi anauliza kwa mafumbo. Kufikia mwezi wa saba yeye mwenyewe anaamini kwamba amejiharibu, na ushuhuda wake unafika hadi kijiji cha pili. Ushuhuda huo ni wa kweli kwake, na bango la nyota ya kijani haliwezi kuushinda.

Serikali nayo imesema mengi kwa nyakati tofauti. Mwalimu Nyerere, akizindua Mpango wa Pili wa Miaka Mitano mwaka 1969, alisema kwamba katika kuzaa binadamu na mnyama ni sawa, na kipawa cha pekee cha binadamu ni kulea na kusomesha. Septemba 2018, akiwa Meatu, Rais Magufuli aliwataka wananchi wenye uwezo wa kufanya kazi waachane na uzazi wa mpango, na mwezi huohuo matangazo ya uzazi wa mpango ya redio na televisheni yakasimamishwa. Oktoba 2022, Rais Samia akiwa mkoani Geita alihimiza wananchi wapunguze kasi ya kuzaa. Wote walikuwa na idadi ya taifa kichwani, na sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Lakini hakuna mwanamke anayezaa kwa ajili ya sensa. Kila tunapozungumza habari ya wingi wa watu tunaupa nguvu uvumi kwamba dawa hizi zimeletwa kutupunguza. Kenya iliuona uvumi huo ukifikia kampeni ya chanjo ya pepopunda mwaka 2014, pale maaskofu wa Kanisa Katoliki walipodai chanjo ina kitu cha kuzuia uzazi, na serikali pamoja na Shirika la Afya Duniani wakakanusha.

Tumewahi kufanya vizuri zaidi ya hapo. Julai 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki. Wenye umri wangu wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na Tunu mkewe. Mkwaju aliishia kuugua Ukimwi, Tunu akajifunza kusimama kwa miguu yake. Hadi 1995 kituo cha Dodoma kilikuwa na vipindi vyake saa hiyo, kwa hiyo watafiti, akiwamo Everett Rogers, waliweza kulinganisha pande mbili. Mchezo uliposikika, mazungumzo kati ya mume na mke kuhusu idadi ya watoto yaliongezeka, imani kwamba wenyewe wanaweza kuamua iliongezeka, na matumizi yakapanda kuliko Dodoma. Dodoma nayo ilipofunguliwa mwaka 1995, ikafuata.

Mchezo ule haukumfundisha mtu njia mpya. Albert Bandura, mwanasaikolojia ambaye mawazo yake yalitumika kuujenga, alishikilia kwamba tunajifunza kwa kumtazama mtu anayefanana nasi akijaribu na kuweza. Kulikuwa na faida nyingine ambayo naiona kubwa zaidi kwa mila zetu. Redio ilikuwa moja, mume na mke waliisikiliza pamoja. Mke asiyethubutu kusema "nimechoka kuzaa" aliweza kusema "huyu Tunu anateseka", na mume akamjibu kuhusu Tunu. Mazungumzo yalianzia kwa watu wasiokuwapo, kama adabu yetu inavyopenda, na baadaye yakahamia kwao wenyewe. Leo kila mmoja ana simu yake na kipokea sauti chake sikioni, na sijaona kilichochukua nafasi ya ile redio moja.

Kama ningepewa nafasi ya kubadilisha jambo moja tu kwenye zahanati zetu, ningeanza na vijiti, kwa sababu hapo kuna kosa letu la wazi. Kijiti ni kidogo kama njiti ya kiberiti na laini, kinakaa chini ya ngozi ya ndani ya mkono, juu ya kiwiko. Muuguzi mzuri humshika mama kidole na kumfanya apapase mwenyewe: kipo hapa, kikoje, basi hofu kwamba kijiti kitasafiri hadi moyoni inapungua. Lakini mama huyo akirudi baada ya miezi minane akitaka kitolewe, mara nyingi huambiwa avumilie, au muda wake haujafika, au anayejua kutoa yuko semina. Kampeni za kuweka huja na gari, za kutoa haziji. Mwanamke anayekataliwa kutolewa anathibitisha yale yote aliyoonywa na shangazi. Kutoa kunahitaji ganzi, wembe safi, dakika chache na mtu aliyefunzwa. Kila anayefunzwa kuweka afunzwe kutoa, na anayeomba kutolewa atolewe siku hiyohiyo bila kuhojiwa. Akishika mimba miezi michache baadaye, wanawake wa mtaani kwake wataiona.